BARUA YA ONYO NA MOTOKAA ILIYOLALA GEREJI

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wa tawi uliopita tulizungumza habari ya ndugu yetu mmoja wa karakana, fundi wa breki za mabehewa, aliyepewa barua mbili za onyo kwa sababu ya kuchelewa kazini. Chama kilisimama naye. Mwakilishi wetu aliingia ofisini pamoja naye, na barua ya pili ikaondolewa. Tulipiga makofi, tukaenda zetu. Lakini hakuna aliyeuliza kwa nini mtu aliyefanya kazi miaka tisa bila kuchelewa alianza kuchelewa. Sisi tunaofanya kazi naye benchi moja twajua sababu, na leo twataka kuisema. Tusipoisema, barua nyingine itakuja, ikiwa si kwake basi kwa mwingine wetu.

Sababu ni motokaa. Ndugu yetu anakaa ng'ambo ya Mlolongo, kwa kuwa kodi ya nyumba za karibu na kazi imemshinda. Zamu ya alfajiri huanza kabla matatu hazijawa nyingi barabarani. Basi akakopa katika chama cha akiba na mikopo, akanunua motokaa ndogo iliyokwisha kutumika Ujapani, kama zilivyo nyingi za kwetu. Hakununua kwa fahari. Alinunua ili afike kazini.

Asubuhi moja, katika barabara ya Mombasa, lori lilimgonga kwa nyuma. Yeye hakuumia, namshukuru Mungu pamoja naye, lakini nyuma ya motokaa ilibonyea yote, na gurudumu moja halikuzunguka tena. Alikuwa na bima kubwa, ile ya kila hasara, na alikuwa amelipa yote bila deni. Alituambia saa ile ile, "Msihangaike, nina bima." Maneno hayo twayakumbuka sana.

Sikilizeni yaliyofuata. Brekidauni ya kuvuta motokaa alilipa mwenyewe. Karatasi ya polisi ilimchukua siku tisa na safari nne. Mkaguzi wa kampani, yule aitwaye asesa, alikuja siku ya 19. Kisha gereji iliyochaguliwa na kampani ikasema haiwezi kufungua hata boliti moja mpaka ipate barua ya ruhusa. Barua ilipokuja, ikawa taa ya nyuma na kifuniko cha buti havipo nchini, vimeagizwa. Siku moja ya mapumziko ndugu yetu alipita Kirinyaga Road, na akaiona taa ya namna ile ile imetundikwa msumarini dukani. Alirudi kuwaambia gereji. Walimjibu kwamba kazi ya kununua spea si yake.

Miezi minne ilipotimia, bima yake ilikwisha muda. Kampani ikampigia simu kwa upole mwingi kumkumbusha alipe ya mwaka mwingine, na motokaa ingali juu ya mawe. Alipoichukua mwishoni, miezi mitano kasoro siku sita, ilimbidi kwanza alipe ekses, yaani ile fedha ya kwanza ambayo mwenye motokaa hujitolea mwenyewe. Na betri iliyokuwa ndani haikuwa betri yake.

Katika miezi hiyo yote mkopo ulikatwa kwenye mshahara kila mwisho wa mwezi, kama ilivyo haki, kwa maana fedha ile ni ya wanachama wenzake. Juu ya mkopo akalipa nauli ya matatu mbili kila alfajiri. Siku nyingine matatu ya kwanza ilijaa, nyingine haikuja. Ndipo zilipotoka zile barua za onyo.

Sasa hoja yetu ni hii. Chama kilipigana na barua, lakini kilinyamaza juu ya kilichozaa barua. Mbele ya mwajiri ndugu yetu alikuwa na watu mamia nyuma yake. Mbele ya kampani ya bima na gereji alikuwa peke yake, ameshika bahasha. Na mtu peke yake huambiwa "njoo Jumatatu".

Twajua lipo jibu la wengine. Mzee mmoja tunayemheshimu alisema mkutanoni ya kwamba chama hiki si cha wenye motokaa, na kwamba wengi wetu twatembea kwa miguu. Mzee asema kweli, wengi wetu twatembea. Lakini mambo ya bima yanamhusu hata anayetembea, pengine kuliko anayeendesha. Sheria ya Sura 405 yalazimisha kila motokaa barabarani iwe na bima ya mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni nani? Ni yule aliyegongwa akivuka barabara. Ni abiria wa matatu iliyopinduka. Ni sisi. United Insurance ilipowekwa chini ya meneja wa serikali mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, zote mbili zilikuwa zimetoa bima kwa matatu nyingi. Watu wenye hukumu za mahakama mkononi walibaki wakingoja miaka, na wengi wao hawakuwa na hata baisikeli. Basi tusiseme haya ni mambo ya mabwana.

Kabla ya kuwashitaki wengine, tukubali makosa yetu pia. Baadhi yetu hununua stika ya bima iliyo rahisi kuliko zote na kuibandika kiooni bila kusoma hata ukurasa mmoja wa masharti. Halafu siku ya ajali twashangaa kuambiwa kwamba bima ya mtu wa tatu haitengenezi motokaa ya mwenyewe. Baadhi yetu tuna bima ya matumizi ya nyumbani, na mwisho wa mwezi twapakia abiria wa kulipa mpaka Athi River. Kampani ikigundua, yakataa dai, na sheria iko upande wake. Tena tuko mafundi ambao kazini hatuwezi kuacha behewa lipite na breki mbovu, lakini motokaa zetu wenyewe hatuzifungui mpaka zizime katikati ya barabara.

Hapo ndipo twaona aibu, kwa maana kazi yenyewe imekwisha kutufundisha. Treni haiondoki kabla breki hazijajaribiwa. Behewa bovu hutiwa alama na kutolewa njiani, wala hakuna mkubwa awezaye kusema "liende tu leo". Kila kazi ya karakana huandikwa: nini kilikuwa kibovu, nini kimebadilishwa, nani ametengeneza, nani ametia sahihi. Ikiwa kuna kosa, kitabu kitasema. Twapeleka motokaa gereji bila kitabu, bila karatasi, kwa maneno ya mdomo tu, kisha twataka haki. Haki bila karatasi ni ngumu.

Wala tusimwone fundi wa gereji kuwa adui. Kijana anayelala chini ya motokaa yetu akimwagikiwa na oili ni mfanyakazi kama sisi, na mara nyingi hulipwa kwa siku, bila chama, bila likizo. Gereji nyingi nazo hungoja malipo ya kampani za bima kwa muda mrefu, ndiyo sababu kazi ya mwenye fedha taslimu hutangulia na ya bima husukumwa ukutani. Hasira yetu tuipeleke panapostahili.

Twapendekeza mambo manne, na twaomba yaletwe katika mkutano ujao yapigiwe kura.

La kwanza, kila mwenye motokaa au pikipiki awe na daftari. Aandike siku ya kubadilisha oili, siku ya kuangalia breki, bei ya kila spea, na risiti azibandike humo humo. Na aweke akiba ya matengenezo kando. Shilingi 50 kwa siku ni shilingi 1,500 kwa mwezi wa siku 30, na kwa mwaka zapita 18,000. Hazitoshi injini mpya, lakini zatosha kutomfanya mtu akimbilie mkopo wa simu kwa ajili ya klachi.

La pili, tusipeleke motokaa gereji bila makadirio ya maandishi. Hili si ombi la hisani. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 yasema mtengenezaji atoe makadirio kabla ya kudai malipo ya kazi, na asidai zaidi ya makadirio hayo kupita asilimia 10. Kadhalika spea za zamani zilizotolewa ni haki ya mwenye motokaa kurudishiwa. Ndugu yetu angalikuwa na karatasi yenye namba ya betri yake, asingaliondoka gereji na betri ya mtu mwingine. Wengi wetu hatukuijua sheria hii. Sasa twaijua.

La tatu, tununue bima kwa pamoja. Mtu mmoja akienda ofisi ya bima hupewa fomu, akaonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Wanachama 60 wakienda kwa jina la chama chao cha akiba, wataulizwa wanataka nini. Twataka haya: asesa aje kwa siku zilizoandikwa, si apendapo, gereji ipewe ruhusa kwa siku zilizoandikwa, na ekses isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla ya sahihi. Tuulize pia habari ya ile nyongeza ambayo kampani nyingi huuza, ya kumlipa mtu au kumpa motokaa nyingine wakati yake iko gereji. Ndugu yetu hakujua kuwa kitu hicho kipo. Kingalimwokoa na zile barua.

La nne, na hili ndilo kubwa, kila tawi lichague mwakilishi wa madai kama linavyochagua mwakilishi wa kazini. Si lazima awe wakili. Awe mtu anayejua kusoma masharti, kuandika barua na kuhesabu siku. Sheria ya Bima, Sura 487, imetaja siku 90 za kulipa dai lisilo na ubishi. Nani kati yetu huhesabu? Mwakilishi atahesabu. Siku ya 30 ataandika barua, siku ya 60 ataandika ya pili, na siku zikipita atapeleka malalamiko kwa mamlaka ya serikali inayosimamia bima, ile ijulikanayo kama IRA, akiwa na nakala za barua zote. Na kwa ugomvi na gereji iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria yataka kesi iishe katika siku 60. Mtu aweza kusimama mwenyewe akaeleza shida yake. Lakini akisimama na mwenzake kando yake, sauti haitetemeki.

Wapo watakaosema kazi hii itakilemea chama. Twawajibu hivi. Waliotutangulia hawakuanza na mishahara peke yake. Waliuliza habari ya nyumba, ya maji, ya chakula, ya nauli, kwa maana walijua mshahara ukiongezwa mlangoni na kuibwa dirishani hakuna kilichoongezeka. Ndugu yetu alipata nyongeza ya mshahara mwaka huu kwa juhudi za chama hiki. Nyongeza ile yote iliingia katika nauli, ekses na betri. Tukitetea shilingi inapoingia, tuitetee pia inapotoka.

Na tusingoje mpaka wote tuwe na motokaa. Shule ya misheni ilitufundisha kubebeana mizigo, wala haikusema mzigo uwe wa namna moja kwanza. Leo ni motokaa ya fundi wa breki. Kesho ni mtoto wa mmoja wetu amegongwa akitoka shule, na kampani inasema "njoo Jumatatu".

Ndugu yetu sasa anakuja kazini kwa wakati. Motokaa inakwenda, ingawa taa mpya ya nyuma huingiza maji mvua ikinyesha. Barua ya kwanza ya onyo ingali katika faili lake. Twaomba mkutano ujao uanze na jina lake, si kwa kumhurumia, bali kwa kuamua ya kwamba mwingine asipite njia ile peke yake. Kila mwanachama mwenye dai la bima lililolala aje na karatasi zake mkononi. Tutazihesabu siku pamoja.

Ni sisi wenzenu wa karakana.