Deni la Mwanafunzi na Haki ya Kusikilizwa

Kila wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Tanzania wanapogoma, hurudiwa hoja kwamba anayesomeshwa kwa fedha za umma hana haki ya kudai, kwa kuwa jasho la mkulima ndilo linalomlisha. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inachanganya wajibu, yaani yale ambayo mwanafunzi anapaswa kuyatimiza kwa jamii iliyomgharimia, na haki, yaani yale anayostahili kama raia, awe na deni au asiwe nalo.

Mgongano huo wa wajibu na haki ulidhihirika Oktoba 1966, pale wanafunzi wa Dar es Salaam, wakiwa wamevaa majoho yao mekundu, walipoandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwaingiza wahitimu katika Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewafanya watumikie miezi 18 kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere, aliyekiri kwamba mishahara ya viongozi nayo ilikuwa mikubwa mno, alipunguza wa kwake kwa asilimia 20, kisha akawafukuza karibu wanafunzi 400, ambao wengi wao walirejeshwa baadaye. Katika kiini cha jambo Mwalimu alikuwa sahihi, kwani kisomo kilichogharimiwa na maskini hakiwezi kuwa ngazi ya kuwakimbia maskini hao. Adhabu ya jumla, hata hivyo, iliyotolewa bila kupima kosa la kila mmoja, haikuwa ya haki. Hata Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya 1977, iliyokuja baadaye na inayompa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu kabla ya kuhukumiwa, haimbagui mwanafunzi.

Leo deni lenyewe limeandikwa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa fedha ambazo mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi ili kuzirejesha, na anayelipa deni lake kwa shilingi hawezi kudaiwa tena alilipe kwa ukimya. Bumu, yaani fedha ya chakula na malazi, linapochelewa wiki kadhaa, na mwanafunzi akawa anakula kwa mkopo kwa mama lishe huku mitihani ikikaribia, kuhoji ucheleweshaji huo si utovu wa nidhamu.

Lakini haki hiyo ya kuhoji haimkingi anayevunja vioo vya ofisi, wala anayenunua ripoti ya mafunzo kwa vitendo kwenye steshenari. Huyu wa pili, ingawa hana kelele, ndiye anayeiba zaidi, kwa sababu kesho atashika kalamu ya daktari au mhandisi bila kuijua kazi. Vyuo na viwaadhibu wote wawili, kila mmoja kwa kosa lake, kwa mashtaka ya maandishi na nafasi ya kukata rufaa.