Mzee hajitambui: nani atoe pesa zake benki?

Mzee amepatwa na kiharusi, au usahaulifu wa uzeeni umemzidi. Hospitali inadai pesa, na pesa ziko kwenye akaunti yake. Mkifika benki mnaambiwa mwenye akaunti aje mwenyewe. Hapo ndipo familia nyingi huanza kuvutana.

Wengi hudhani kwamba mke au kifungua mimba ana mamlaka moja kwa moja. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Hata kama Mzee aliwahi kuandika hati ya kumpa mmoja wenu uwezo wa kumwakilisha, kwa kawaida hati hiyo hukosa nguvu pindi anapopoteza uwezo wa kujiamulia. Na kumshika kidole gumba apige alama kwenye karatasi asiyoielewa ni kujitafutia kesi.

Njia iliyopo ni Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022. Familia hupeleka ombi mahakamani ili ateuliwe mtu wa kusimamia mali ya mgonjwa na wa kumlea. Andaeni ripoti ya daktari na orodha ya mali. Ni vyema pia jamaa wa karibu waandike kwamba wanakubali aliyependekezwa, kwani mvutano wa ndugu huchelewesha kesi huku mgonjwa akiumia.

Kuteuliwa si kurithi. Msimamizi haruhusiwi kuuza shamba, kuliweka rehani wala kuligawa zawadi bila idhini maalum ya mahakama. Ndani ya miezi 6 anatakiwa kuwasilisha kwa mahakama na kwa Mdhamini wa Umma orodha ya mali na madeni. Kwa hivyo weka kila risiti, hata ya dawa na nepi.

Nawe mzazi mwenye mtoto aliye na ulemavu wa akili, kumbuka kwamba akitimiza miaka 18 ni mtu mzima kisheria. Tafuta ushauri mapema.

Asiyemudu wakili aulize Huduma ya Kitaifa ya Usaidizi wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka wa 2016.

Na kama wazazi wenu bado wana akili timamu, kaeni nao wikendi hii. Waulizeni kwa heshima hatimiliki ziko wapi, wanadaiwa na nani, na wangependa nani awashughulikie. Si uchuro. Ni kuwatunza.