Mchango wa mwanachama haununui jibu

NJIA PANDA
Na Zuhura Mbaraka

Mwezi uliopita mzee mmoja mwenye mabasi matatu ya mikoani alinipigia simu. "Dada Zuhura, chama chetu kimeamua kuchangishana tuanzishe taasisi yetu ya utafiti wa ajali. Tumechoka kuzika watu. Njoo uuone mpango mkakati kabla haujaenda mkutano mkuu."

Nilikwenda. Tulikaa kwenye ofisi yake nyuma ya gereji, akanimiminia chai ya tangawizi, akanikabidhi kitabu cha kurasa 46 kilichochapwa vizuri kabisa. Dira imo, dhamira imo, malengo 14 yamo, bajeti ya miaka mitano imo. Nilikifunua mpaka mwisho nikitafuta ukurasa mmoja tu, ule unaosema itakuwaje siku utafiti utakapoonyesha kwamba kosa ni la wenye mabasi. Haumo.

Nilimwambia jambo hilo uso kwa uso, na leo nalirudia hapa, kwa sababu wazo lao ni jema mno kuachwa lifie kwenye kabati.

Wenye kampuni za bima za magari nchini Marekani walishaipita njia hii. Mwaka 1959 vyama vyao vitatu vilianzisha taasisi iitwayo Insurance Institute for Highway Safety, na hadi leo fedha zake zinatoka kwa kampuni za bima. Miaka kumi ya mwanzo ilikuwa zaidi ikisaidia kazi za wengine. Mwaka 1969 ikamkabidhi uongozi William Haddon, daktari wa afya ya jamii aliyekuwa ametoka kuongoza idara ya serikali ya usalama barabarani, naye akaigeuza kuwa taasisi ya utafiti hasa. Haddon aliitazama ajali kama tabibu anavyotazama ugonjwa. Alichora jedwali: huku kabla ya ajali, wakati wa ajali na baada ya ajali, kule mtu, chombo na mazingira. Nani wa kulaumiwa halikuwa swali lake. Alitaka kujua ni katika kisanduku kipi kati ya hivyo unaweza kuwahi kumwokoa mtu.

Kwetu visanduku vyote hivyo huachwa vitupu isipokuwa kimoja. Basi limepinduka asubuhi, mchana tumeshaambiwa: uzembe wa dereva. Jioni tunaitisha elimu kwa madereva.

Basi sikia walichokutana nacho wenzetu kuhusu hiyo elimu. Sekondari nyingi za Marekani zilikuwa zikifundisha udereva, na hakuna aliyeona ubaya wake. Mwaka 1978 watafiti wa taasisi ya wenye bima walitoa kazi iliyoonyesha kwamba mafunzo yale yaliwapa vijana wengi zaidi leseni mapema, na walivyozidi barabarani ndivyo walivyozidi kuhusika katika ajali za vifo. Jimbo la Connecticut lilipoacha kuyagharimia mafunzo hayo shuleni, vijana wa miaka 16 na 17 wenye leseni walipungua, na ajali zao zikapungua vilevile. Habari hiyo ilikwenda kinyume na jambo ambalo karibu kila mzazi, mwalimu na mwenye bima aliliamini. Ikatangazwa hivyohivyo. Kwangu mimi, taasisi inayochangiwa na wanachama huanza kuwa ya utafiti siku inapopita mtihani wa namna hiyo. Kabla ya hapo ni ofisi ya matangazo ya chama.

Kwa mzee wangu mtihani huo nauona kabla haujafika. Ni ratiba na malipo. Dereva wa basi la usiku amelala saa ngapi kabla ya kushika usukani? Analipwa mshahara wa mwezi, au posho ya safari inayomfanya aikimbilie safari nyingine macho yakiwa mekundu? Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku kucha mwaka 2023, hakuna swali linaloninyima raha kuliko hilo. Ukishuka kwenye daladala, kuna hesabu ya tajiri inayotakiwa kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na kuna deiwaka anayekabidhiwa gari ambalo hajui breki zake zikoje. Mtafiti mwaminifu akianza kuchimba huko, jembe lake litagonga meza za walewale wanaomlipa. Ndiyo maana lazima iandikwe sasa, pesa hazijaanza kuingia, kwamba wanachama watapendekeza maswali lakini hawatayagusa majibu, na kwamba hakuna mwanachama atakayelipia utafiti wake peke yake.

Mzee alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akavuta droo, akatoa kauntabuku lenye jalada la bluu lililochakaa pembe. "Hivi ndivyo ninavyoandika," akasema. Mistari imechorwa kwa rula: tarehe, namba ya gari, tairi, kilomita, mahali. Safu moja imeandikwa kwa penseli: "Mikumi, mbele kushoto, abiria salama." Miaka tisa ya matairi imo humo, na hajawahi kumwonyesha mtu.

Pale ndipo nilipoiona hazina ya chama chake, na kwenye zile kurasa 46 haijatajwa popote. Wenye bima wa Marekani mwaka 1972 waliunda chombo dada cha kukusanya kumbukumbu za madai ya kampuni mbalimbali, ili kila aina ya gari ijulikane inagharimu majeruhi na matengenezo kiasi gani. Kampuni moja peke yake isingeona picha hiyo. Kwetu kila mwenye basi ana kauntabuku lake, kila kampuni ya bima ina mafaili yake, na hospitali za njiani zina madaftari ya wodi. Mchango wa kwanza wa mwanachama uwe kauntabuku, fedha zifuate.

Na mpango uache nafasi ya kujikosoa. Mwaka 2012 taasisi ile ya wenye bima ilianza kuyagongesha magari kwenye kizuizi kwa kona ya mbele upande wa dereva, kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Watengenezaji wakayaimarisha magari yao, alama zikapanda. Taasisi ingeweza kusherehekea. Badala yake ikachukua magari saba madogo ya aina ya SUV, yote yakiwa yamefaulu, ikayagongesha upande wa abiria. Mwaka 2016 ikatangaza kwamba ni moja tu ambalo lingepata alama nzuri. Kuna watengenezaji walioimarisha upande ule tu uliokuwa unapimwa. Mwaka uliofuata alama za upande wa abiria zikaanza kutolewa.

Mzee alifunga kauntabuku, akaniomba kalamu. Nyuma ya ukurasa wa 46, palipokuwa peupe, akaandika taratibu: matokeo yote yatatangazwa, yakimuumiza mwanachama au yasimuumize. Akausoma mstari wake mara mbili. "Wenzangu watasema nimewauza," akasema. Nikamwuliza kama ataufuta. Hakunijibu, alichana ile karatasi kwa uangalifu, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

Mkutano mkuu ni Jumamosi hii.