Matairi ya Theluji katika Barabara ya Ushirombo

Theluji haijapata kuanguka Ushirombo. Hata hivyo, mtu akisimama mbele ya lundo la matairi ya mitumba yanayouzwa kando ya barabara kuu itokayo Kahama kwenda Lusahunga, asishangae akikuta ubavuni mwa tairi picha ndogo ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima huo chembe ya theluji. Picha hiyo si urembo. Ni alama ya kiwanda, nayo humwambia mnunuzi kwamba tairi hilo limetengenezwa kwa majira ya baridi ya nchi za mbali, na kwamba mpira wake umechanganywa uwe laini ili usikakamae penye barafu. Likitembezwa juu ya lami ya Bukombe saa nane za mchana, mpira huo hulegea na kulika upesi, na dereva akishika breki gari huchukua masafa marefu zaidi kabla ya kusimama. Huko lilikotoka, mwenye gari aliona limekwisha kazi. Sisi tunalipokea, tunalipaka rangi nyeusi ling'ae, kisha tunalivalisha Land Cruiser inayobeba wagonjwa.

Tunalisema jambo hili mbele ya wasomaji wetu wa visiwani kwa makusudi. Wako watakaouliza: Ushirombo ni bara, inatuhusu nini sisi wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome? Inatuhusu sana. Dagaa anayeanikwa visiwani huishia magengeni mwa wachimbaji wa dhahabu, na hafiki huko kwa mtumbwi. Vijana wetu wengi wamekwenda machimboni kutafuta riziki. Na mgonjwa wa kisiwani akishavushwa ziwa, safari yake iliyobaki iko juu ya matairi manne.

Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Geita. Mji huo uko juu ya barabara ya malori ya Rwanda na Burundi, lakini ukiacha lami hatua chache tu unaingia katika njia za changarawe na mbuga za udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hushika gari kama gundi. Gari la huko linatakiwa lipite matopeni asubuhi na kukimbia juu ya lami jioni. Si kila tairi linaweza kazi hizo mbili, na yale yanayoweza ni ghali.

Ni haki kusema wazi kwamba wananchi hawanunui matairi ya mitumba kwa kupenda. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa ubia wa Serikali na wageni, kiliyavalisha magari ya nchi hii kwa miaka mingi. Mwaka 2007 kilisimamisha uzalishaji. Mwenye gari moja la kubebea abiria na mizigo kwenda machimboni, akilinganisha bei ya tairi jipya na ya lililotumika lenye meno mazuri, huchukua la pili. Hatumlaumu. Tunachosema ni kwamba meno ya tairi hayatoshi kuwa shahidi.

Tairi huzeeka hata likiwa limelala ghalani. Mpira hukauka, nyuzi za ndani huachana, na nje hakuna kinachoonekana ila mipasuko midogo ambayo rangi huifunika. Umri wake umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2309 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Likiwa na tarakimu tatu tu, limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, na muuzaji hana la kujitetea. Mwezi Septemba 2012, basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki katika kisiwa cha Wight liliacha barabara karibu na Hindhead, kusini mwa Uingereza, na watu 3 wakafa. Tairi la mbele lililopasuka lilikuwa na umri wa miaka 19 na zaidi. Lilikuwa limelizidi umri basi lenyewe. Sheria ya wakati huo ilitazama meno tu. Ilichukua miaka mingi ya madai ya wafiwa hadi, tangu tarehe 1 Februari 2021, ikawa marufuku nchini humo kufunga tairi lenye zaidi ya miaka 10 katika magurudumu ya mbele ya mabasi na malori. Tairi linalokatazwa huko kwa uzee haliwi kijana kwa kuvuka bahari.

Balaa la pili ni rimu, na hapa ndipo ubunifu wa mafundi wetu, ambao tunauheshimu, unapovuka mpaka. Magari haya hayafanani. Land Cruiser za zamani na Nissan Patrol hufungwa kwa nati sita, tena katika duara lenye vipimo sawa. Land Cruiser za mizigo za miaka ya karibuni hufungwa kwa nati tano. Land Rover nayo ni nati tano. Mwenye haraka huona tano na tano akadhani ni ndugu. Lakini duara la boliti za Land Cruiser hiyo ni milimita 150, na la Land Rover ni milimita 165. Tofauti ni upana wa kidole, na kidole hicho ndicho kinachomfanya fundi achukue gesi atanue matundu ya rimu, au atie kati yake na ngoma ya breki kipande cha chuma alichokichonga mwenyewe. Gari huondoka likitembea vizuri. Baada ya safari kadhaa za mashimo, nati hulegea, matundu huwa ya mviringo wa yai, na siku moja gurudumu hulipita gari.

Hata pale nati zinapokubali, rimu huenda haijakubali. Rimu nyingi za kupendezesha zilizotoka kwenye magari mengine husukuma gurudumu nje ya bawa. Vijana husema gari limesimama vizuri. Ukweli ni kwamba uzito umehamishwa kutoka mahali ulipopangwa, beringi hubeba mzigo usio wao, na usukani humpiga dereva mikononi kila akikanyaga jiwe. Tena rimu za Toyota za aluminiamu hutumia nati zenye washa bapa, na zile za chuma hutumia nati zenye ncha iliyochongoka. Anayenunua rimu za aluminiamu bila nati zake na kuzikaza kwa nati za chuma za zamani amezifunga kwa nusu tu. Kitu kidogo hivi hakimo katika maswali ya mnunuzi wala ya muuzaji, na polisi wa barabarani naye huridhika akiona gurudumu limejaa upepo.

Yako pia majivuno ya upana. Tairi nene hupendeza machoni, na penye mchanga mkavu husaidia. Katika mbuga za Bukombe mara nyingi hukaa juu ya tope kama mtumbwi usio na kasia, wakati tairi jembamba na refu, la aina ya 7.50R16 ambalo wazee walilitumia katika Land Rover zao, hulikata tope na kutafuta ardhi ngumu chini yake. Mbaya zaidi ni kuchanganya. Tairi la 265/70R16 lina kimo cha sentimita 78 hivi, na la 235/85R16 karibu sentimita 81. Ukiweka hili mbele na lile nyuma, kisha ukayaunganisha magurudumu yote manne katika barabara kavu, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatataka kwenda mwendo mbalimbali, na ugomvi huo huamuliwa ndani ya difu. Bei ya difu moja ingenunua matairi mangapi mapya, wenye magari wanaijua kuliko sisi.

Tumefika katika namba ambayo watu wa visiwani hawahitaji kuelezwa maana yake. Kila tairi lina namba ya uzito. Namba 100 ni kilo 800. Namba 116 ni kilo 1,250. Matairi mawili ya namba 100 yakiwekwa nyuma ya gari hubeba kilo 1,600 na si zaidi, na gari la machimboni likishapakia magunia ya dagaa, pampu ya maji na abiria waliokaa juu yake, ekseli ya nyuma hupata kwa urahisi tani 2. Matairi mawili ya namba 116 yangebeba mzigo huo na nafasi ikabaki. Kwa macho yanaweza kufanana kabisa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la Ukara, na zaidi ya watu 220 walifariki. Siku ile nchi nzima iliuliza ni nani aliyeacha kuitazama namba. Namba ya tairi imeandikwa kwa maandishi madogo zaidi, na ajali yake huchukua watu wachache wachache, kwa hiyo hakuna anayeuliza.

Serikali nayo isijitoe katika maneno haya. Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ulioanzishwa mwaka 2005, ulikabidhiwa mambo mawili yanayokutana hapa: vivuko vya wananchi na matengenezo ya magari ya Serikali. Halmashauri ikipewa gari jipya kuna sherehe na picha. Fedha ya matairi yake baada ya miaka mitatu haina sherehe. Gari likifika hapo, dereva huambiwa ajitahidi. Kujitahidi kwenyewe ni kwenda kwenye lundo la mitumba na kurudi na matairi mawili ya aina moja na mawili ya aina nyingine. Lawama kwa dereva huyo hatuna. Tunamtaka aliyepanga bajeti ya mafuta bila ya matairi ajibu.

Hatupendekezi mitumba ipigwe marufuku kesho. Bei ingepanda na waliokuwa wakinunua tairi la miaka sita wangerudi kuchonga meno mapya katika vipara. Tunapendekeza kwamba gari lolote la wagonjwa, la wanafunzi au la abiria lisitembelee tairi lenye zaidi ya miaka 10, hasa mbele, na kwamba rimu iliyotanuliwa matundu iondolewe barabarani papo hapo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe katika hali ya usalama, na askari anayejua kusoma tarakimu nne ubavuni mwa tairi anaweza kuitumia bila kungoja sheria nyingine. Wiki ya Nenda kwa Usalama ingefaa zaidi kama mafundi wa pancha wa Ushirombo, Runzewe na Masumbwe wangefundishwa siku moja kusoma namba hizo, kwa sababu wao ndio huyashika matairi haya kila siku. Idara na migodi inayouza magari na matairi yake chakavu kwa mnada nayo iyatoboe yale yaliyopitwa na wakati kabla ya kuyatoa.

Yaliyotobolewa yasiachwe nyuma ya gereji yakinga maji. Mbu wa jamii ya Aedes, waenezao dengue iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hutaga humo. Mwaka 1985 mbu wa jamii hiyo kutoka Asia walikutwa Houston, Marekani, na wataalamu wakaona kwamba waliletwa na matairi chakavu. Tairi lililokufa lina kazi nyingi za heshima. Washona katambuga wanalihitaji, na mitumbwi yetu inalihitaji ubavuni isikwaruzwe na gati.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makisio huandaliwa miezi mingi kabla. Waheshimiwa madiwani wa Bukombe, Mbogwe, Buchosa na Ukerewe, kabla ya kuinua mikono kuyapitisha, wamwombe afisa usafirishaji awasomee tarakimu nne zilizo ubavuni mwa kila tairi la gari la wagonjwa, moja baada ya jingine, pamoja na lile la akiba.