Dagaa wa Kigoma: Jedwali la kupendeza, hesabu ya hasara

Mfanyabiashara wa dagaa wa Kigoma anayeijua kazi yake hutazama mambo matatu kabla ya kutoa fedha: mwezi, mawingu na bei ya Dar es Salaam. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa taa hupumzika, kwa kuwa dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye mwanga wa taa zao. Mawingu yakitanda, mzigo uliokwisha kununuliwa haukauki. Bei ya Dar es Salaam ikishuka, nauli ya lori haishuki nayo. Siku hizi limeongezeka jambo la nne, ambalo halitazamwi vya kutosha: jedwali la kompyuta ambamo mzigo wote huo huandikwa.

Hesabu za biashara hii huja vipande vipande. Kipande kimoja hutoka mwalo wa Kibirizi, kingine Katonga, kingine Ujiji, na vingine hufika kwa boti kutoka vijiji vya mwambao, kaskazini hadi Kagunga na kusini kuelekea milima ya Mahale. Hiki kimeandikwa kwenye daftari, kile kimeletwa kwa ujumbe wa simu. Karani huviingiza vyote katika Excel, kisha hubonyeza kitufe kimoja kilichofungwa makro, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzirudia yenyewe kwa mfuatano uleule. Visanduku vinaunganishwa, vichwa vya habari vinakolezwa wino, mistari inachorwa. Kazi ya saa mbili inakwisha kwa muda wa kumeza mate.

Hakuna ubaya wowote katika kuokoa muda. Programu za jedwali zilianza na VisiCalc mwaka 1979 kwa kusudi hilohilo, na Excel ilipopewa lugha yake ya makro ya sasa mwaka 1993, makarani wa dunia nzima walipumua. Ubaya unaanza pale makro inapoandikwa ili karatasi ipendeze machoni mwa tajiri, na siyo ili hesabu iwe sahihi. Hapo ndipo mtaji wa watu unapopotea bila mwizi.

Kisanduku kinachomeza wenzake

Ni vyema ieleweke kwamba kuunganisha visanduku si sawa na kuunganisha yaliyomo. Mtu anapochagua visanduku vitatu vyenye tarakimu na kuamuru viwe kimoja, Excel haijumlishi wala haipangi. Huhifadhi kile cha juu kabisa upande wa kushoto, na vingine hufutwa. Kazi hiyo ikifanywa kwa mkono, programu hutoa onyo kwanza. Ikifanywa kwa makro, waandishi wengi huweka amri ya kuzima maonyo ili kazi isikatizwe. Na makro ikishamaliza, kitufe cha kurudisha nyuma hakisaidii tena, kwani kumbukumbu ya hatua zilizotangulia huwa imefutwa.

Chukua mfano wa lori moja. Kibirizi imetoa magunia 40, Katonga 25, Ujiji 15. Jumla ni 80. Nauli ya lori tuseme ni shilingi 1,600,000, na kila gunia limenunuliwa kwa shilingi 150,000. Nauli ikigawanywa kwa magunia 80, kila gunia linabeba shilingi 20,000, na gharama yake yote ni shilingi 170,000. Mnunuzi akitoa shilingi 180,000, faida ni shilingi 10,000 kwa gunia, yaani shilingi 800,000 kwa lori zima.

Sasa karani, kwa kuwa mzigo ni wa lori moja na tarehe moja, anaendesha makro inayounganisha visanduku vya kila safu viwe kimoja kikubwa cha kuvutia. Kwenye safu ya magunia inabaki 40 ya Kibirizi. Nauli ileile sasa inagawanywa kwa 40, kila gunia linaonekana kubeba shilingi 40,000, na gharama inapanda hadi shilingi 190,000. Tajiri anatazama karatasi yake safi, anaona kwamba bei ya shilingi 180,000 ni hasara, anamkatalia mnunuzi. Dagaa wanabaki ghalani wakivuta unyevu, wakati mwenzake aliyetumia daftari na kalamu ameshauza na kurudi Kibirizi kununua mzigo mwingine.

Mbaya zaidi ni kwa wenye hisa ndogo. Mizigo mingi hununuliwa kwa fedha za watu wawili, watatu au zaidi. Mwenye magunia 15 ya Ujiji anapoona jina lake limetoweka ndani ya kisanduku kikubwa, hana cha kuonyesha siku ya kugawana. Undugu na ushirika wa miaka mingi huvunjika, na kila mmoja huamini kwamba mwenzake ni mwizi.

Vipimo, fedha na tarehe

Hasara ya pili huletwa na tabia ya kuandika "magunia 15" ndani ya kisanduku kimoja. Kwa macho ya binadamu ni tarakimu. Kwa kompyuta ni maneno, na amri ya kujumlisha huyaruka bila kusema lolote. Dawa yake ni rahisi. Andika 15 peke yake, kisha tumia mpangilio wa namba wa kujitungia, kwa mfano 0" gunia". Kisanduku kitaonyesha neno hilo, lakini ndani yake itabaki namba inayojumlishika.

Fedha nazo zina mtego wake. Ziwa Tanganyika linapakana na nchi nne, na kwenye mialo ya Kigoma si ajabu kukutana na mteja mwenye faranga za Kongo au za Burundi, au mwenye dola. Biashara ya Ujiji imezoea jambo hili tangu karne ya 19, shanga zilipokuwa fedha za sokoni. Aina ya fedha iandikwe kwenye safu yake, na kiwango cha kubadilishia cha siku hiyo kwenye safu nyingine. Makro inayorundika faranga na shilingi katika safu moja kwa kuwa zote ni namba inatoa jumla isiyo na maana yoyote.

Tarehe ndiyo inayodanganya kwa ustadi kuliko vyote. Tanzania siku hutangulia mwezi. Marekani mwezi hutangulia siku. Lugha ya makro ya Excel, isipoelekezwa vinginevyo, hupenda kufuata desturi ya Marekani inapofungua faili la maandishi matupu. Hivyo 05/08/2024, ambayo kwa Kigoma ni tarehe 5 Agosti, yaweza kugeuka kuwa tarehe 8 Mei. Mwaka 2024 tofauti hiyo haikuwa ndogo. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka huo. Mauzo ya ghala ya tarehe 5 Agosti, wakati ziwa limefungwa, yakihesabiwa kuwa ya tarehe 8 Mei, mfanyabiashara hujifunza somo la uongo kuhusu bei za msimu. Akilitumia somo hilo kupanga akiba ya kipindi kingine cha kufunga ziwa, ataumia.

Si Kigoma peke yake

Asije mtu akadhani haya ni makosa ya makarani wa mikoani tu. Mwaka 2012 benki ya JPMorgan Chase ilipata hasara iliyozidi dola bilioni 6 katika ofisi yake ya London. Uchunguzi uliofuata ulionyesha, pamoja na mambo mengine, kwamba mfumo wa kupimia hatari ulikuwa ukiendeshwa kwa majedwali yaliyonakiliwa na kubandikwa kwa mkono, na mahali pamoja jumla ilitumika palipotakiwa wastani. Mwaka 2020 nchini Uingereza, taarifa za wagonjwa 15,841 wa Korona zilichelewa kuingizwa kwenye hesabu za taifa kwa sababu faili la mtindo wa zamani wa Excel haliwezi kupokea zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje kimyakimya.

Matukio hayo yana jambo moja la kufanana. Kompyuta haikukataa kazi. Ilitoa karatasi nadhifu, na wakubwa wakaiamini kwa sababu ya unadhifu wake.

Nini kifanyike

Kwanza, kila biashara iwe na karatasi mbili. Karatasi ya kwanza ni ghafi: mstari mmoja kwa kila mzigo, tarehe, mwalo, jina la mwenye mali, idadi, kipimo, bei na aina ya fedha, kila kitu katika safu yake. Makro yoyote isiruhusiwe kuigusa. Karatasi ya pili ni ya kuchapisha na kumwonyesha mkubwa au benki. Hiyo ipambwe itakavyo, kwa kuwa hata ikiharibika ghafi ipo.

Pili, anayetaka mwalo na jina vionekane pamoja aunganishe yaliyomo katika safu mpya kwa alama ya &, mfano =B2&" "&C2, na visanduku vya asili vibaki vilivyo. Kichwa cha jedwali nacho kinaweza kuwekwa katikati ya safu kadhaa kwa mpangilio wa maandishi, bila kuunganisha kisanduku hata kimoja.

Tatu, makro ipewe kazi ya ulinzi pia. Ihesabu jumla ya magunia kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na zikitofautiana isimame na kupiga kelele. Mistari michache ya namna hiyo ina faida kuliko rangi zote za vichwa vya habari.

Nne, makro isipokelewe kutoka kwa kila mwenye kidude cha kuhifadhia mafaili. Virusi vya Melissa vya mwaka 1999 vilienea duniani kwa njia ya makro, na mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yanayotoka kwenye intaneti.

Washirika wenye magunia machache nao wana wajibu wao: wasiridhike na karatasi ya mapambo. Waombe kuona karatasi ghafi, na wahesabu mistari yao wenyewe kabla lori halijaondoka Kigoma. Anayekataa kuionyesha amekwisha toa jibu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta haijaitangua methali hiyo. Imeongeza tu kwamba daftari lenyewe nalo laweza kupotea ndani ya kisanduku kizuri, na mwenye mali akabaki akilisifia.