MAONI YETU: Chuma kichwani kisichomolewe njiani

Kisu au mshale ukinasa kichwani mwa mtu, mkono wa kwanza kufika hutaka kuuchomoa. Ni huruma, lakini huruma ya namna hiyo huua. Chuma kilichotoboa mshipa wa damu mara nyingi ndicho hicho hicho kinachouziba. Kikitoka, damu hufoka ndani ya fuvu, ambamo hamna nafasi ya kuipokea. Ubongo hukandamizwa, na majeruhi anaweza kukata roho kabla gari halijapatikana.

Kwa hiyo kiacheni palepale. Kizungushieni vitambaa safi kisitikisike, majeruhi asile wala asinywe, na apelekwe kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo. Kitolewe huko, mezani, damu ya kuongeza ikiwa tayari.

Hospitalini nako kuna la kusema. CT scan ya kawaida huonyesha mfupa uliovunjika na damu iliyovuja, lakini mshipa uliochanika unaweza kuipita bila kuonekana. Lazima ipigwe picha ya mishipa yenyewe, kwa dawa inayodungwa ili ionekane. Elimu hii si ngeni: daktari Mreno Egas Moniz alipiga picha za mishipa ya ubongo mwaka 1927.

Tena picha moja haitoshi. Ukuta wa ateri uliojeruhiwa huweza kututumka polepole, kama tyubu ya baiskeli inayochungulia kwenye tairi lililochanika, ukapasuka siku au wiki kadhaa baadaye. Hatari ni kubwa zaidi chuma kikipitia jichoni au kwenye panja. Mtu keshatolewa nyuzi, yuko barazani anapiga soga, ghafla anashika kichwa na kuanguka. Majirani watasema karogwa. Hakurogwa, hakuitwa kupigwa picha ya pili.

Tunataka mambo mawili, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Majeruhi wa kichwa atibiwe kwanza, fomu ya polisi ya PF3 imfuate kitandani. Na asiruhusiwe kwenda nyumbani bila tarehe ya picha ya pili kuandikwa kwenye kadi yake, ndugu zake wakiwa wameelezwa kwa nini ni lazima arudi hata kama anajiona mzima.