Mama na Nyumba Yake: Uyoga Uliojiotea Uani

Mwezi huu tuzungumze juu ya mgeni asiyebisha hodi. Mvua zikinyesha siku mbili tatu mfululizo, unafungua mlango wa nyuma asubuhi na kukuta uyoga umejaa kwenye ukoka, mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Mtoto anayetambaa anauona, na kama tujuavyo, kila akionacho hukipeleka mdomoni. Msichana anayekusaidia kazi naye anauliza, "Mama, niupike mchana?" Utamjibu nini?

Umetoka wapi?

Uyoga tunaouona ni kama tunda tu. Wenyewe hasa umo ardhini, katika nyuzinyuzi nyembamba zinazokula vitu vinavyooza: kisiki, mizizi ya mti uliokatwa, vipande vya mbao vilivyofukiwa wakati wa kujenga, au samadi. Mara nyingine huota kwa duara, na nyasi za hapo huwa za kijani kuliko nyingine. Wapo wanaoshtuka wakidhani kuna mkono wa mtu. Hakuna, dada yangu. Nyuzi hizo huanzia mahali pamoja na kutambaa kwenda nje pande zote, zikiuachia udongo chakula kinachostawisha nyasi.

Unafanana, lakini sio wenyewe

Bibi zetu walijua uyoga. Waliujua ule wa kwenye vichuguu, msimu wake na mahali pake, na walifundishwa na mama zao wakitembea nao. Lakini ujuzi huo ni wa mahali. Binti aliyelelewa kijijini akija mjini huweza kuona uyoga unaofanana na wa kwao, kumbe ni mwingine kabisa.

Upo uyoga mmoja mkubwa unaopenda sana bustani za majani katika nchi za joto. Ni mweupe, una magamba ya kahawia juu ya kofia, na kofia yake huweza kupita sentimita 20 kwa upana. Unapendeza macho, na ukiwa mchanga huwezi kuushuku. Unapokomaa tu ndipo sehemu ya chini ya kofia hugeuka rangi ya kijani kijivu. Aliyeula hutapika na kuhara vibaya, mara nyingi ndani ya saa moja hadi tatu. Kwa mtoto mdogo, kupotewa na maji kiasi hicho ni hatari.

Upo mwingine mbaya zaidi, ambao Tanzania na Afrika Kusini umeonekana kwenye mashamba ya misonobari. Huo hukaa kimya tumboni kwa saa 6 au zaidi, mtu akaanza kutapika na kuhara, kisha akaonekana amepata nafuu, kumbe ini linaharibika. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kuanika.

Tusidanganyane pia kwa vipimo vya mitaani. Kijiko cha fedha kisipobadilika rangi, kitunguu kisipogeuka cheusi, au konokono akiula, hakuna kilichothibitishwa. Si kila uyoga wa uani una sumu, lakini usioujua kwa hakika usiuonje.

Nifanye nini?

1. Zunguka ua kila asubuhi wakati wa mvua, kabla watoto hawajatoka. Ng'oa uyoga ukiwa bado mchanga, uufukie kwenye shimo la taka. Kuushika tu hakudhuru, ila nawa mikono kwa sabuni.

2. Ondoa chakula chake. Mwombe baba watoto achimbe kile kisiki na kutoa mbao zilizofukiwa. Maji yanayotuama yachimbiwe mfereji.

3. Usihangaike kununua dawa ya kunyunyizia. Nyuzi zimo chini, na dawa uani ni hatari nyingine kwa mtoto.

4. Wafundishe watoto na msichana wa kazi sheria moja: uyoga wa uani hauliwi. Mkitamani uyoga, nunueni ule wa kulimwa, kama mamama, kwa mkulima mnayemfahamu.

5. Mtoto akiula, usingoje aumwe. Mtoe mabaki mdomoni, umpeleke hospitali mara moja. Usimlazimishe kutapika, wala usimnyweshe maziwa au maji ya chumvi. Chukua uyoga uliobaki, uufunge katika karatasi, ukumbuke na saa aliyoula. Hata akipata nafuu, daktari ndiye aseme.

Chungu cha Gilgali

Katika 2 Wafalme 4:38-41 tunasoma habari za wana wa manabii wakati wa njaa. Mmoja wao alitoka kwenda kondeni kuchuma mboga, akajaza nguo yake matunda ya mwituni asiyoyajua, akayakatakata chunguni. Mtu yule hakuwa na nia mbaya. Alitaka ndugu zake wale. Lakini nia njema haikuondoa sumu chunguni.

Mama mwenzangu, chungu cha nyumba yako kimewekwa mikononi mwako. Mungu alimpa Elisha muujiza siku ile. Wewe na mimi ametupa macho ya kutazama, na kinywa cha kuuliza kabla ya kuinjika. Kwa hiyo msichana akikuuliza, usimkaripie. Mshukuru kwamba ameuliza, toka naye uani, mkaung'oe pamoja mkimweleza na mtoto sababu yake.

Bwana azilinde nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.